Kitufe cha Kona

Kila asubuhi Somphop alimwandikia Wilai neno moja kwenye kompyuta: l;ylfu.

Naye Wilai, bila kugeuza shingo, alimjibu kwa sauti: "Kitufe, Kaka Phop!"

Duka zima lilicheka. Neno lenyewe lilikuwa salamu tu ya Kithai. Ila kibodi za Khon Kaen, kama za Thailand yote, zina herufi za Kithai na za Kiingereza juu ya vitufe vilevile, na kitufe kimoja pale kona ya juu, kushoto, ndicho cha kuhamia lugha nyingine. Ukikisahau, salamu yako inatoka kama kikohozi cha paka.

Somphop alikisahau kila siku.

Lilikuwa duka la kuchapa vitabu vya mazishi, vile wanavyogawiwa wageni siku ya kuchoma maiti: picha ya marehemu, maisha yake, sala, pengine na mapishi aliyoyapenda. Wilai alikuwa mwepesi kuliko wote. Kipanya chake alikitundika msumarini mwaka aliofika, hakukishusha tena. Kunakili, kubandika, kuruka hadi mwisho wa ukurasa, yote kwa vidole. Somphop alisukuma chake taratibu kama mtu anayepiga pasi. Zamani aliwahi kufanya kazi kwenye gazeti moja Bangkok. Kazi gani, hakuna aliyemuuliza.

Kisha wateja wakapungua. Mama Duangjai, mwenye duka, akasema Ijumaa wote wawili watachapa ukurasa mmoja, na atakayeshindwa aende nyumbani.

Wilai hakulala vizuri wiki ile. Mama yake alikuwa akisafishwa damu hospitalini, na nyumba nzima ilitegemea mshahara ule. Hata hivyo, mchana walipokaa kula wali wa kunata, alimfundisha mwenzake njia za mkato.

"Ctrl na Z ni ya nini?"

"Kuzima kompyuta."

"Kutendua, Kaka Phop! Kurudisha ulichokosea!"

"Aa. Laiti ingekuwepo siku ya ndoa yangu."

Wilai alicheka hadi wali ukampalia. "Basi nikuwekee ile programu yangu. Ukisahau kitufe, unachagua maandishi yote, unabonyeza F9, yanajigeuza Kithai."

"Usiniwekee. Asubuhi utacheka nini?" Kisha akauliza, kama ilivyo kawaida yake, "Mama anaendeleaje?"

"Hivyohivyo."

Ijumaa waligawiwa ukurasa kutoka kitabu cha mwalimu mmoja mstaafu: namna ya kutengeneza mchuzi wa pilipili na samaki wa kuchachushwa. Mama Duangjai akasema ukishamaliza unapeleka kwenye printa, hakuna kurekebisha.

"Msiba haurudiwi," alisema, "na kitabu chake hakirudiwi."

Wilai hakuinua macho. Alisikia kitu kikigonga haraka haraka kama mvua juu ya bati, akadhani ni moyo wake. Alikuwa bado kwenye samaki Somphop aliposema, "Tayari."

Printa ikatema karatasi. Mama Duangjai akaitazama, akaigeuza juu chini, kisha akaiinua wote waione. Kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho ilikuwa kikohozi cha paka.

"Phop," alisema. "Hata leo?"

"Nimesahau kitufe."

"Ukurasa mzima hujatupia skrini jicho!" alisema Chalerm, mkata karatasi. "Wewe ungepewa lori tungekwisha wote."

Walicheka, na Somphop akacheka nao. Akachukua kikombe chake na mto wa kiti. Wilai akamfuata hadi mlangoni, asijue pa kuweka mikono.

"Sasa utafanya nini, kaka?"

"Shemeji yangu anauza kuku wa kuchoma. Kuku hawana kitufe."

Jumatatu mafaili ya Somphop yalihamishiwa kwenye kompyuta ya Wilai, afute yasiyofaa. Aliyapitia moja moja mpaka akaufikia ule ukurasa wa Ijumaa. Akabonyeza Ctrl na A, ukurasa wote ukawa wa buluu, na kidole kikawa tayari juu ya kitufe cha kufuta.

Asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa amemwandikia salamu. Kidole kikahama, kikabonyeza F9.

Mchuzi wa mwalimu ukatokea wote, pilipili kwa pilipili, bila kosa hata moja. Na chini yake kulikuwa na mstari ambao mwalimu hakuuandika:

"Kitufe nakijua, mdogo wangu. Msalimie mama."