Mwaka Uliofichwa na Mbao

"Mama, iweke chini. Hiyo si sufuria," alisema mwenye meza ya bunduki, na ukumbi mzima wa maonyesho ya silaha za kale pale Jyväskylä, Ufini, ukaangua kicheko.

Hilkka, bibi mzee, hakuiweka. Kadi ya bunduki kuukuu ya jeshi aliyoishika ilisema: 1898, kila kipande ni cha asili.

"Mtutu ulibadilishwa wakati wa vita," alisema.

"Nani kakudanganya? Mwaka huo hapo, umegongwa kwenye chuma!"

"Huo ni wa mwili wa bunduki. Mtutu una wake."

Akafungua skrubu mbili kwa sarafu ya marka, pesa ya Kifini, akaivua bunduki mbao zake, akaupindua mtutu. Chini, penye grisi iliyoganda, palikuwa na tarakimu: 1942. Ile mbili ya mwisho ilikuwa imelala upande, kama mlevi aliyeegemea ukuta.

"Aliyegonga hiyo alikuwa amelewa," mwenye meza alinung'unika.

"Msimamizi wa kiwanda alinikataza kugonga kwa mkono huu," Hilkka alisema. "Nikamwambia wanaume wote wako vitani, basi agonge mwenyewe."

Kwa mkono wa kushoto akaichomoa kalamu mfukoni mwa yule bwana, akaukata kwa mstari mwaka ulio kwenye kadi, akaandika 1942. Ile mbili ya mwisho ikalala upande.