Kusimama Kizimbani

“Muongo huyo,” Munira alisema, kabla shahidi hajafungua kinywa.

Filamu ilikuwa ya zamani, haina hata rangi, na mtafsiri alibwabwaja Kiswahili juu ya sauti za wazungu. Paulina hakuwahi kuona filamu ya mahakamani. Mahakama yenyewe pia hakuwahi kuingia. Ndiyo maana Munira, mpangaji mwenzake hapo Nzuguni, alimwita chumbani kwake Paulina alipotoka kanisani, ajifunze kidogo. Kesho yake kesi ya kaka yake Yotham ilikuwa inaanza kusikilizwa. Wizi wa ng'ombe. Polisi walidai yupo aliyemwona. Wa kumtetea alikuwa Paulina peke yake. Asipoaminika yeye, Yotham anafungwa.

Munira hakumpenda mtu yeyote kwenye filamu ile. Hakimu anagonga meza kwa nyundo kama fundi seremala, ushahidi ataandika saa ngapi? Wakili anazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shahidi ndiyo kabisa. Anatoka jasho, anamtupia macho mshtakiwa, anaongeza maneno ambayo hakuulizwa.

“Mdogo wangu, ukisimama pale sema machache. Mtazame hakimu tu. Na usilie mapema, utaonekana umefundishwa.”

Paulina aliitikia. Dada huyu alijua mambo.

Shahidi wa kwenye filamu alipobanwa akaanza kulia, Munira alisonya. Akapunguza sauti ya televisheni, akataka kusikia Paulina atasema nini. Paulina akamweleza yote: siku ng'ombe walipochukuliwa, Yotham alikuwa naye shambani Mlali wakivuna alizeti, wakalala hukohuko kibandani. Munira akauliza nani mwingine aliwaona. Hakuna, walikuwa wawili tu. Munira akamrudisha mwanzo, akasikiliza tena, kisha akasema hapo sawa, ila aache kushikashika kanga.

Asubuhi Munira alimsindikiza. Alimnunulia chapati njiani, na nje ya mahakama ya wilaya wakakaa benchi moja. Yotham alipitishwa mbele yao na pingu, hakuinua macho. Paulina akainuka amfuate. Munira akamshika mkono, akamwambia zamu yake bado, watu wa mashtaka ndio wanaotangulia.

Karani alitoka mlangoni, akamwita shahidi wa kwanza wa mashtaka.

Munira akasimama, akanyoosha baibui.

“Nishikie mkoba, mdogo wangu.”