Mshipi wa Buaphan

Mwanzi wa roketi ulikuwa na ufa. Khamphan aliuona akiwa juu ya mnara wa kurushia, roketi yake ya baruti imeshafungwa, na chini kijiji kizima kinapiga ngoma kuomba mvua. Miaka miwili mfululizo roketi zake zilianguka, naye akatupwa topeni kama desturi inavyotaka. Ikianguka na hii, asingeruhusiwa kuunda nyingine.

"Tope tumeshalilainisha, kaka!" alipaza sauti Thongdam, muundaji roketi wa kijiji jirani. "Shuka na sabuni!"

"Katangulie kuoga wewe!"

Mkewe, Buaphan, alikuwa chini ya ngazi, maana wanawake hawapandi mnarani.

"Kuna nini?"

"Ufa!"

Buaphan alifungua kiunoni mshipi mwekundu wa hariri, aliofumiwa na marehemu mama yake kwa ajili ya harusi, akaurusha juu.

"Huu hapana!"

"Unataka mvua au unataka mshipi? Kaza!"

Khamphan aliuzungusha kwenye ufa, akavuta fundo kwa meno, akawasha utambi. Roketi ilitetemeka, ikanguruma, ikachomoka. Watu walihesabu sekunde kwa kelele, wakapita mia mbili, wakapoteza hesabu, wakaanza kurukaruka. Thongdam alijitupa topeni mwenyewe, akicheka.

Gharama yake ilikuwa nyusi mbili za Khamphan zilizoungua, jino lake moja la mbele lililong'oka kwenye fundo, na mshipi mmoja. Kipande chake chekundu kilionekana kikishuka polepole juu ya mashamba ya mpunga, kikisukumwa na upepo uliotoka upande wa mawingu.