Alama Anazo, Sababu Hana

Taufiq alimuua mamake Jumanne asubuhi, kisha akarudi nyumbani kula mahamri aliyokaangiwa naye.

Alimuulia kwenye kompyuta ya Sundus, binamu yake mwenye saiba pale Pate, kwa barua ya aya tatu za Kiingereza kilichopigwa pasi. Chuo cha udaktari kilikuwa kimeshamkataa mara moja, na mlango uliobaki ni barua hii mpya, ya kuomba ufadhili. "Alama unazo," walimwandikia walipomkataa, "ila barua yako haionyeshi sababu ya kuutaka udaktari."

Mwalimu Crispus, aliyemfundisha baiolojia, aliisoma barua hiyo ya kwanza akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"'Napenda sayansi na kusaidia watu.' Kijana, hata muuza sumu ya panya anasaidia watu! Hawa wanataka kidonda. Kwenu amekufa nani?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Aa, pole. Umekosa bahati."

Mwalimu alikuwa akitania. Taufiq akaubeba utani huo mpaka nyumbani.

Kifo hakukitafuta mbali. Mamake, Bi Mardhiya, ndiye mwosha maiti za wanawake wa mtaa wao. Mwaka uliopita alirudi kutoka kuosha, mikono bado inanuka kafuri, akamsimulia: mwanamke kashikwa na tumbo, boti ya kumpeleka hospitali Amu imekwama kwenye mlango-bahari wa Mkanda, maji yamekupwa, saa tatu nzima watu wanaikodolea macho bahari ijae. Ilipojaa, mgonjwa hakuwa na haja nayo tena.

Taufiq aliichukua boti, akachukua maji kupwa, akachukua na zile saa tatu. Alibadilisha jina la marehemu tu, akaweka la mamake, na kichwa chake akakilaza kwenye paja lake mwenyewe. Babake hakumpa kazi humo baruani. Huyo alikwenda kuoa Mombasa miaka kumi iliyopita na kurudi amesahau.

"Nami umenitaja kwenye barua yako?" Bi Mardhiya aliuliza, akimsogezea sahani.

"Nimekutaja, Mama."

"Kwa wema?"

"Kwa wema mno."

"Basi nipe nakala moja niitie sandukuni."

Alimpa. Kiingereza cha Bi Mardhiya kilianzia na kuishia kwenye "gudi moningi", wasiwasi wa nini? Kesho yake mama alikwenda saiba kwa Sundus kutoa kopi ya kitambulisho, ile nakala ameikunja mkononi, akarudi bila kopi. Mashine mbovu, alisema. Wiki hiyo hiyo akaitungua picha yake ukutani.

"Ukuta unatoa chumvi," alisema. "Itaharibika."

Mwezi wa pili baada ya barua kwenda, simu ikalia. Alikuwa Bi Edah, wa chuo. Barua ile ilikuwa imewatoa machozi ofisi nzima. Angekuja Jumamosi kuiona nyumba, na kuzungumza na jirani mmoja aliyemjua marehemu. Maelezo yakithibitika, nafasi ni ya Taufiq. Yasipothibitika, jina lake halitapokelewa tena.

"Mama, Jumamosi nina mgeni wa chuo," alisema, macho ameyatupa mkekani. "Ataka kuona nyumba na kuongea na jirani."

"Jirani gani?"

"Nitatafuta. Lakini wewe... Khala, dadako, hujamuona siku nyingi. Si uende Kipungani, ulale huko siku mbili?"

Bi Mardhiya, mwanamke ambaye hanunui samaki mpaka aulize kavuliwa wapi, na nani, na huyo nani ni mtoto wa nani, siku hiyo hakuuliza kwa nini.

"Ndia ya Kipungani naijua," alisema.

Jirani hakupatikana. Kila mlango aliobisha ulimfungukia kwa "Mamako hajambo?" Akajibu hajambo, akashukuru, akageuka. Mpaka Ijumaa alikuwa amewajulisha watu saba kwamba mamake hajambo kabisa.

Jumamosi alfajiri mama alimbusu kipajini, akabeba mfuko wake, akaondoka. Kabla ya adhuhuri Taufiq alikuwa gatini Mtangawanda kumpokea Bi Edah. Nahodha Jaafar alimwona akampungia.

"We Taufiq! Mamako kanichezea shere! Nimemwekea nafasi boti ya asubuhi, nimengoja mpaka abiria wananitukana. Hakuja!"

Njia nzima ya Pate, yeye pikipiki ya mbele na Bi Edah ya nyuma, aliomba mamake awe amekwenda kokote, hata kwa adui.

Mlango ulikuwa wazi. Bi Mardhiya alikuwa ameketi mkekani, leso kichwani, mahamri yamefunikwa kawa, mfuko wake haujafunguliwa. Juu yake, ukutani, palikuwa na mraba mweupe mahali ilipokuwa picha.

Bi Edah alivua viatu, akakaa, akafungua faili. "Na huyu mama ni nani?"

Taufiq alimtazama mamake. Alikuwa na jawabu la udaktari na jawabu la kweli, na ghafla lile la kwanza likamtoka moyoni lote. Akafungua mdomo.

"Huyu ni ma..."

"Mimi ndiye jirani," alisema Bi Mardhiya, akimmiminia mgeni kahawa. "Karibu, Bi. Mamake kijana huyu nilimwosha mimi, kwa mikono hii."