Msumari Namba Saba

Jetoni namba saba haikwenda ziwani. Ilikuwa mfukoni mwa Mbuyu, ikimchoma paja kila alipoinama, na mwenyewe aliyepaswa kuivaa shingoni alikuwa tayari majini, tanga juu, akisubiri filimbi pamoja na mashua nyingine sita.

Mwaka ule klabu ya ziwa Nzilo ilikuwa imebaki na Wazungu watano na bia ya moto, lakini mbio za matanga hazikuahirishwa: kuzunguka kisiwa cha mawe na kurudi. Mjini Kolwezi Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walikuwa wakitolewa majumbani mwao na vijana wenye fimbo na kulala stesheni, wakingoja treni isiyokuja. Huku ziwani filimbi ililia saa tatu kamili.

Sheria ya jetoni ilitoka mgodini. Anayeshuka anachukua kipande chake cha shaba chenye namba, anayepanda anakirudisha kwenye msumari wake. Msumari ukiwa mtupu kuna mtu chini, na hakuna anayekwenda nyumbani. Siku shimo lilipoporomoka, ni Tshimanga, seremala wa mgodi, aliyeutazama ubao na kuona msumari wa Mbuyu uko mtupu. Alikataa kuondoka mpaka wakamfukua. Mgodi uliposhindwa kulipa mishahara, wote wawili wakahamia klabuni, Tshimanga kutengeneza mashua, Mbuyu kulinda ubao. Hapa msumari ukiwa mtupu, boti ya injini inatoka kutafuta.

Sasa Tshimanga alikuwa Mkasai. Alikuwa Mkasai tangu azaliwe, ila zamani hakuna aliyejisumbua kumkumbusha. Mkewe Mado, mzaliwa wa Kasaji, mwenyeji wa mkoa huu, alipita vizuizini na watoto bila kuulizwa kitu. Yeye asingepita. Alimvunja mkono kijana mmoja kati yao siku walipokuja kuichukua nyumba yake, na wenzake waliapa hatatoka Kolwezi mzima. Walimwacha ashindane kwa sababu klabu ilikuwa na lango moja, na langoni walikaa wao.

Asubuhi ile alimwekea Mbuyu jetoni mkononi.

"Nikifika nyuma ya kisiwa, mi sirudie. Mado ananingoya ngambo na lori. Ukiona bengine beko banarudia, unitundikie yangu ku musumari. Boti ya moteur isitoke. Banitafute mu barabara, hapana mu mayi."

"Na we haujue hata kuogelea," Mbuyu alisema. "Fundi wa mashua mwenye kuogopa mayi."

"Mi siende kuogelea. Mi naenda kwetu."

Walicheka kidogo. Kisha wakaacha kucheka.

Mchana upepo uligeuka, ukaanza kupiga kwa hasira kutoka bondeni. Mashua ya kwanza ilirudi na tanga limechanika. Ya pili ilirudi na mtu mmoja anatapika. Mbuyu alizihesabu moja moja, huku Dodo, mkubwa wa vijana wale, amesimama nyuma yake na fimbo, naye anahesabu.

Ya sita ilipofika, Dodo alikwenda kuomba sigara kwa Wazungu waliokuwa wakipakia mashua zao juu ya magari. Mbuyu alitoa jetoni mfukoni. Kwa haraka ya mwizi wa kuku aliukosa msumari mara mbili. Ya tatu akaupata.

"Tata Mbuyu, ni bangapi banabakia?" Dodo aliuliza aliporudi.

"Hakuna. Bote balisharudia. Angalia mwenyewe, saba."

"Na Mukasai?"

"Alipita apa sasa hivi na tanga ku bega."

Walimtafuta stoo, wakamtafuta chooni, wakainua hata mifuniko ya mitaro ya maji machafu, kisha wakakimbilia barabara ya Kolwezi na fimbo zao. Dodo alimpiga Mbuyu makofi mawili kwanza. Mbuyu aliyaona ni bei rahisi mno kwa rafiki. Ziwa halikutazamwa na mtu. Katika mji wa wachimbaji, ubao ukisema mtu amepanda, amepanda.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima wakati Séraphin, dereva wa boti ya injini, alipokuja kuuliza kama aifunge.

"Tata, kule ku mawe kuko kitu cheupe. Kinapepea."

Mbuyu alikuwa amekiona zamani. Shati, mtu amelishika kwa mikono miwili, anapunga. Tanga halikuonekana, bila shaka lilingoja nyuma ya mawe. Wakasai bwana, alijisemea, kuaga kwao hakuishi, hata mtu akiwa anawindwa.

"Ni ndege," alisema. "Funga moteur, uende kulala."

Séraphin alipoondoka, Mbuyu alivua kofia, akaipunga mara tatu kuelekea kisiwani, taratibu, ili rafiki yake ajue ameonekana. Shati likazidi kupungwa kwa nguvu. Mbuyu akafuta macho, akavaa kofia, akafunga lango. Tenda wema uende zako, wazee walisema. Alitenda, akaenda zake, na usiku ule alilala vizuri kuliko usiku wowote tangu fukuzafukuza ianze.

Kesho yake shati lilikuwa limelala juu ya mawe, halitikisiki. Ameliacha, Mbuyu aliwaza. Mtu anayekwenda kwao atanunua jingine.

Siku ya tatu Mado aliingia klabuni kwa miguu, mtoto mgongoni, vumbi hadi magotini.

"Tata Mbuyu, tulimungoya siku mbili. Lori ikatuacha. Hakufika."

Alipomaliza hakuwa akimtazama Mbuyu tena. Alikuwa mke wa mtu wa mgodi miaka kumi na mbili. Macho yake yalikuwa yameshakwenda ubaoni yenyewe, msumari kwa msumari, mpaka wa saba, wa mumewe, jetoni juu yake. Akakaa chini, akamshusha mtoto mapajani, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Aksanti Mungu," alisema. "Kumbe alirudia. Eko wapi?"