Kilo Sita

Roland alikuwa amepiga magoti mbele ya mizani, amevaa suruali mbili, masweta matatu na viatu vyake vya ski, vya kutelezea thelujini, akinusa soksi.

"Hii bado nzima," alisema, akairudisha mfukoni.

Glenys, mkewe kwa miaka thelathini na mmoja ya ndoa, alitazama pembeni. Foleni ya ndege ya Geneva ilikuwa ndefu, na kila mtu aliyekuwa kwenye foleni hiyo alikuwa ameiona soksi.

Ndege yenyewe ilikuwa moja ya zile za bei ya chee, tiketi wanakupa karibu bure halafu wanakutoza kwa kila kitu isipokuwa hewa. Roland alijiona ana dawa yao. Hakulipia sanduku hata moja. Alilipia mfuko mmoja mrefu wa ski, akaushindilia ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea, na fimbo zake, chupi za wiki nzima, pai sita za nyama ya nguruwe, na baada ya Glenys kumbembeleza siku tatu, blanketi la viraka na keki ya matunda. Viatu, kwa kuwa ni vizito, alivivaa. Kofia yake ngumu ilikuwa ndani ya kibegi cha Glenys, kile kimoja kinachoruhusiwa chini ya kiti, na haikumwachia nafasi hata ya kitabu.

"Kilo ishirini na sita, mzee," alisema binti wa mizani. "Mwisho ni ishirini."

"Pima tena."

Binti akapima tena. Ishirini na sita.

"Zilizozidi unaweza kuzilipia tu, mzee."

"Thubutu." Roland alimgeukia mkewe. Sharubu zake zilikuwa na makombo ya pai aliyoila garini. "Blanketi kilo nne, keki kilo mbili. Sita hiyo. Vitoe."

"Roland, hilo ni la Carys."

"Kwani milimani hawalali na mablanketi? Hawana keki? Kinachopatikana kule hakibebwi, bibie. Nakwambia hivyo kila mwaka."

Carys alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliolewa huko milimani, na wiki tatu zilizopita alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Glenys alilishona blanketi lile kwa majira mawili ya baridi, kila kiraka kimekatwa kwenye gauni la marehemu mama yake, bibi aliyemlea Carys. Kwenye simu Carys, aliyeahidi kuwapokea Geneva, hakuomba kitu kingine chochote.

Roland alikuwa anafungua mdomo aendelee, mara akashika tumbo. Pai ilikuwa imemgeuka.

"Nikirudi nikute ishirini," alisema. "Pipa lile pale." Akaondoka kuelekea chooni, viatu vikigonga sakafu ko, ko, ko, huku akihangaika na vifungo vya suruali ya kwanza.

Glenys alibaki na mfuko. Kinyaa kilimshika. Soksi alishazizoea, na makombo pia. Kilichomchefua ni jinsi mkono wake mwenyewe ulivyokwenda kwenye zipu kabla hajaamua lolote, kama mtumishi aliyeitwa. Akauangalia mkono ule kwa muda. Kisha akapiga magoti, akatoa cha kutoa.

Roland alirudi baada ya dakika ishirini, mikono imelowa, akaifutia kwenye sweta la Glenys. Mfuko ulikuwa umeshakwenda kwenye mkanda wa mizigo mirefu.

"Kumi na tisa, mzee," alisema binti wa mizani, akiuma mdomo. "Safari njema."

"Umeona? Kumbe inawezekana. Umetupa?"

"Nimeacha stoo ya mizigo. Tutachukua tukirudi." Glenys alimwonyesha risiti ya kijani.

"Yaani umelipia matakataka yakae stoo?"

"Kwa hela yangu."

Roland alimnung'unikia mpaka mlangoni mwa ndege. Ndani alivua viatu, na mama aliyekaa upande wa pili akajifunika pua kwa skafu. Roland hakumwona. Alikuwa anamega pai nyingine aliyoificha kwenye sweta la kati.

"Tazama hawa," alisema kwa sauti, akiwaelekezea abiria kidole chenye mafuta. "Nusu yao wanakwenda kupanga foleni ya kukodi. Ski iliyopandwa na kila mtu, kiatu kilichochachuka jasho la watu. Mimi siwezi. Mimi nina kinyaa."

Glenys aligeukia dirisha. Alihisi kicheko au kutapika, hakujua kipi, akakimeza.

Walipofika Geneva, mfuko ulitokea kwenye kimlango cha mizigo mirefu. Roland aliuvamia, akautupia begani kama alivyozoea, nao ukakunjika katikati, nusu ikaning'inia mbele na nusu nyuma.

Aliushusha chini, akavuta zipu. Juu kabisa kulikuwa na blanketi, maua ya magauni ya mama mkwe wake yakimtazama. Chini yake keki ndani ya kopo lake, pai, chupi, soksi. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, kisha mpaka kwapa.

"Glenys. Ski zangu ziko wapi?"

Glenys aliinama, akalichukua blanketi, akalikumbatia kifuani.

"Kinachopatikana kule hakibebwi," alisema, akatoka nje kumtafuta mwanawe.