Nukta Tatu za Mpini

Kila Jumapili baada ya misa, mume wa Joviale alikipaka mafuta kisu chake cha zamani cha mfukoni, kwa upole ambao yeye mkewe hakuuonja tangu arusi. Mume alidai kilitoka Ubelgiji.

Leo wivu ukamshinda. Joviale alikichukua kimyakimya, akakipeleka kwa fundi wa visu katika mtaa wa Kadutu.

Fundi akapapasa nukta tatu zilizochongwa kwenye mpini, zilizolainika kwa kuguswa miaka na miaka.

“Ubelgiji wapi! Iko kazi ya muzee mumoja wa Luhwindja, Mungu amurehemu. Alikuwaka na mabinti sita. Alitengenezaka visu sita tu, kimoja kwa kila mukwe, siku ya ndoa.”

Akatabasamu.

“Na wewe, maman, uko binti yake wa ngapi?”

Joviale, ambaye baba yake mvuvi bado alikuwa hai, akakifunga kisu, kikalia tak.

“Wa saba.”